Sura ya Tano: Je, Nzi wa Matunda Hukumbuka?

Watu wanaposikia kwamba wako wataalamu waliotumia umri wao wote kumchungua nzi, swali moja huwatoka mara kwa mara, nalo ni hili: kiumbe ambaye ukimfukuza kwenye embe lililoiva hurudi papo hapo kana kwamba hakufukuzwa, anaweza kuwa na kumbukumbu ya kitu gani? Msimu wa maembe unapowadia Malemba-Nkulu, na matunda yakaanguka chini ya miembe mengi kuliko wawezavyo kuyamaliza watoto na mbuzi, swali hilo huwa mbele ya macho ya kila mtu. Na mwenye kibuyu cha malafu, yaani tembo la mchikichi, hahitaji kuelezwa nzi hao ni akina nani, kwani huwaona wamekwisha kuzama ndani ya chombo kabla hata mgeni wa kwanza hajakaribishwa.

Swali hilo ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa kicheko. Jibu lake, lililochukua miongo kadhaa kuthibitika, ni kwamba nzi huyo mdogo hukumbuka kweli. Kwamba hukumbuka kwa njia zinazofanana kwa mengi na zetu. Na kwamba kwake yeye, kama kwetu sisi, kumbukumbu ya kudumu haipatikani bure, bali mwili huigharimia kwa chakula, kwa mapumziko na kwa usingizi. Hili la mwisho ndilo ninalomwomba msomaji aliangalie kuliko mengine yote ya sura hii, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini baadhi ya mambo yanayotupata hudumu na mengine hupotea kabla jua halijatua.

Nzi yupi tunayemsema

Yapasa kwanza tutenganishe viumbe watatu ambao mazungumzo ya kila siku huwachanganya. Yuko nzi wa nyumbani, mkubwa, mweusimweusi, atuaye bila kubagua juu ya uchafu na juu ya samaki wa Lualaba walioanikwa. Yuko nzi mharibifu wa maembe, ambaye hutoboa ngozi ya tunda lingali mtini na kutaga humo mayai yanayogeuka funza. Mmoja wa jamii yake, aliyetoka Asia na ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya mwaka 2003, na katika miaka michache akawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika, hata taasisi ya icipe ya Nairobi, iliyoasisiwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970, ikalazimika kubuni mbinu za kumtega na kumpunguza. Na yuko wa tatu, ambaye ndiye wetu: urefu wake hauzidi milimita tatu, rangi yake ni kahawia iliyoingiliwa na manjano, macho yake mekundu, wala tunda bichi halimshughulishi, kwani yeye hutafuta lililoiva kupita kiasi na kuanza kuchacha, ambamo hupata hamira, yaani wale viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho ambao hugeuza sukari kuwa kileo. Jina lake la kitaalamu ni Drosophila melanogaster.

Mtu aweza kudhani kwamba mdudu aliyeandikiwa vitabu vingi kiasi hiki huko New York na Paris ni wa huko huko. Hasha. Uchunguzi wa nasaba ya nzi hawa duniani kote, yaani ulinganifu wa urithi wao, umedhihirisha kwamba asili yao ni kusini-kati mwa Afrika, katika misitu ya miombo ya Zambia, Zimbabwe na jirani zao, misitu ya aina ile ile inayofunika sehemu kubwa ya iliyokuwa Katanga. Na mwaka 2018 ilitangazwa habari ya wataalamu waliokwenda milima ya Matobo, Zimbabwe, wakamkuta akiishi porini, mbali na makazi ya watu, juu ya matunda ya mng'ong'o yaliyoanguka. Alitoka huku akawafuata wanadamu kila walikokwenda na matunda yao. Msomaji wa Malemba-Nkulu na azisome basi habari zake kama habari za mwenyeji mwenzake.

Sababu ya wataalamu kumchagua ni nyepesi. Hula ndizi iliyochacha, hukaa mamia katika chupa moja, na kutoka yai hadi kuwa nzi kamili, penye joto la wastani, hupita takriban siku 10 tu, kiasi kwamba mchunguzi huona vizazi vingi ndani ya mwaka mmoja. Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa akifundisha New York, alianza kupata sifa kwa nzi hawa mwaka 1910, alipomwona mmoja mwenye macho meupe katikati ya wenzake wenye macho mekundu; na kutokana na huyo mmoja akaja kueleza jinsi urithi unavyobebwa, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Lakini Morgan hakuuliza habari za kumbukumbu. Swali hilo lilingoja miaka mingine sitini.

Kurudi si kukumbuka

Turudi kwenye embe letu. Nzi anapofukuzwa akarudi, je, amekumbuka mahali? Aghalabu hakukumbuka kitu. Harufu ya tunda lililochacha humwita, naye amezaliwa na hamu ya kuifuata harufu hiyo, hakufundishwa na yeyote; na mkono wako, uliopita hewani bila kumgusa, haukumwachia dhara lolote la kulihifadhi. Tabia ya kuzaliwa nayo ni jambo moja, na kumbukumbu ni jambo jingine. Na ili tusichanganye, tuseme kwamba kumbukumbu, kwa maana itakayotumika katika sura hii, ni badiliko katika mwenendo wa kiumbe, linalotokana na jambo lililompata, nalo likadumu baada ya jambo lenyewe kwisha.

Kwa maana hiyo ithibati ya kumbukumbu haipatikani kwa kumtazama nzi chini ya mwembe. Yahitaji kumfundisha kitu ambacho hakuzaliwa nacho, kisha kumngoja, kisha kumpima. Hivyo ndivyo walivyofanya William Quinn, William Harris na Seymour Benzer katika chuo cha Caltech, California, walipotangaza mwaka 1974 kwamba nzi wa matunda hujifunza kuikimbia harufu iliyoambatana na mshtuko wa umeme. Mwaka 1985 Quinn akishirikiana na Tim Tully aliiboresha tajriba hiyo, na namna yao ndiyo inayotumika hata leo katika maabara nyingi.

Huchukuliwa nzi kama mia moja, wakatiwa ndani ya mrija uliotandazwa wavu wa shaba. Hupulizwa harufu ya kwanza, kwa muda wa dakika moja, na wavu ukapitishwa umeme mdogo usioua lakini uchomao. Kisha hewa safi. Kisha harufu ya pili kwa dakika moja, bila umeme. Baada ya hapo hupelekwa kwenye njia panda, huku harufu moja na huku nyingine, wakapewa dakika mbili wachague. Na kwa kuwa huenda mojawapo ya harufu hizo ikawa inawachukiza kwa maumbile yao, kundi jingine hufundishwa kwa kugeuza, harufu ya pili ndiyo yenye umeme, ili chuki ya kuzaliwa nayo ijifute katika hesabu na kibaki kilichofundishwa tu. Matokeo yalikuwa wazi: mara baada ya somo moja, nzi hadi 95 katika kila mia waliikwepa harufu ya adhabu, na hata baada ya saa 24 athari ya somo hilo ilikuwa bado yapimika, ijapokuwa imedhoofika sana.

Nasisitiza jambo la makundi mawili yaliyogeuzwa, kwa sababu ndilo linalotofautisha tajriba na kisa cha kusimulia. Bila hilo mtu angeweza kubishana mpaka kesho.

Nzi waliozaliwa wasahaulifu

Benzer alikuwa na wazo ambalo wenzake wengi waliliona la kupindukia: kwamba kama sura ya macho hurithiwa kwa jeni, basi na uwezo wa kujifunza lazima uwe na jeni zake. Jeni ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli, na seli ni zile chembe ndogo hai ambazo mwili wote umejengwa kwazo. Kwa hiyo wanafunzi wake waliharibu jeni za nzi ovyo kwa dawa, wakazalisha koo nyingi, wakaupima kila ukoo kwa harufu na umeme, wakitafuta nzi ambao wanaona, wananusa, wanatembea na kuhisi umeme kama kawaida, ila hawashiki somo. Mwaka 1976 Yadin Dudai na wenzake walimtangaza wa kwanza. Walimwita dunce, jina la mwanafunzi mzito wa kuelewa. Wakafuata wengine, miongoni mwao rutabaga na amnesiac.

Kilichofuata kinanistaajabisha kuliko hata ugunduzi wenyewe. Ilipochunguzwa jeni ya dunce inafanya kazi gani, ilikutwa ni maagizo ya kutengeneza kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha badiliko la kikemia, ambacho kazi yake ni kuvunja mjumbe mdogo wa ndani ya seli aitwaye cAMP. Na jeni ya rutabaga ilikutwa ni maagizo ya kimeng'enya cha kumtengeneza mjumbe huyo huyo. Mmoja hujenga, mwingine hubomoa, na akikosekana yeyote kati yao somo halishiki. Wakati huo huo, bila kutegemeana nao, Eric Kandel wa New York alikuwa akimchungua konokono wa baharini aitwaye Aplysia, naye akamfikia mjumbe yule yule. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya yaliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Nzi na konokono wa baharini walitengana katika nasaba ya viumbe zama za kale mno, na bado wanatumia kemia moja ya kukumbukia. Sisi nasi tunayo.

Mahali kumbukumbu inapokaa

Ubongo wa nzi una upana usiofikia milimita moja. Oktoba 2024 kundi kubwa la wataalamu, wakiongozwa na wale wa Princeton, Marekani, lilichapisha ramani kamili ya ubongo wa nzi jike mmoja, wakahesabu seli za neva 139,255, na kati yao maungano zaidi ya milioni 50. Seli ya neva ni seli yenye matawi marefu ya kupitishia ishara za umeme. Na pale tawi la moja linapokaribia mwenzake, pana mwanya mdogo mno ambao ishara huuvuka kwa njia ya kemikali. Mwanya huo pamoja na kingo zake huitwa sinapsi. Binadamu ana seli za neva takriban bilioni 86, na ramani ya namna hiyo kwa ubongo wetu haipo.

Katika ubongo huo mna viungo viwili, kimoja kila upande, vyenye bua na kichwa mfano wa uyoga, na kwa sababu hiyo huitwa viungo vya uyoga. Mfaransa Félix Dujardin aliviona katika nyuki mwaka 1850, na tangu hapo akahisi kwamba ndimo akili ya wadudu ilimo, ingawa hakuwa na njia ya kuthibitisha. Uthibitisho ulikuja baadaye sana kutoka Würzburg, Ujerumani, kwa Martin Heisenberg na wenzake, ambao mwaka 1994 walieleza jinsi walivyowalisha funza wa nzi dawa inayozuia viungo hivyo visiote. Nzi waliokua bila viungo vya uyoga waliendelea kunusa na kuukwepa umeme, lakini kuunganisha harufu na adhabu hawakuweza kabisa.

Kila upande mna seli zipatazo 2,000 ziitwazo seli za Kenyon. Harufu moja huamsha chache tu kati yake, kiasi kisichozidi moja ya kumi, na harufu nyingine huamsha chache nyingine. Hivyo kila harufu huwa na kundi lake. Na hapa, ili tuelewe kumbukumbu imehifadhiwaje humo, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa kuwa nchi ya Waluba, ambayo Malemba-Nkulu ni sehemu yake, ilibuni zamani chombo cha kumbukumbu ambacho majumba ya makumbusho ya dunia hukitunza leo kwa heshima.

Chombo hicho ni lukasa: ubao mdogo wa kushikwa mkononi, uliopambwa kwa shanga na kauri, au wakati mwingine kwa michoro ya kuchongwa. Wajuzi wa chama cha Mbudye, walioitwa bana balute, watu wa kumbukumbu, waliushika kwa mkono wa kushoto na kukipitisha kidole cha mkono wa kulia juu yake, wakisimulia nasaba za wafalme, habari za Nkongolo Mwamba na Kalala Ilunga, mahali pa miji yao na miiko ya utawala. Shanga moja kubwa iliyozungukwa na ndogo yaweza kuwa mfalme katikati ya baraza lake. Walakini ing'oe shanga hiyo uiweke kiganjani mwako, nayo haina habari yoyote. Habari imo katika mahali ilipo miongoni mwa nyingine, na katika njia ambayo kidole kimezoezwa kuipita. Na ubao ule ule ulisomwa kwa namna mbalimbali, kwa kadiri ya msomaji, hadhira na jambo lililowakutanisha.

Seli ya Kenyon ni kama shanga hiyo. Yenyewe haihifadhi embe wala umeme. Kilichobadilika nzi alipofundishwa ni nguvu ya maungano yanayotoka kwenye kundi la seli hizo kwenda kwenye seli za kutolea amri. Na maungano hayo yamegawanyika katika vyumba 15, ambavyo vingine hupokea habari za adhabu na vingine habari za thawabu, hata harufu moja yaweza kuwa na historia mbili, na nzi mwenye njaa akaisoma kwa namna moja ilhali aliyeshiba hakuisoma. Mfano una mpaka wake: lukasa haibadiliki kwa kusomwa, na msomaji wake ni mtu aliye nje yake, lakini katika ubongo wa nzi ubao na msomaji ni kitu kimoja, na kila usomaji waweza kuuathiri ubao.

Adhabu hufikaje kwenye harufu

Harufu na umeme huingia mwilini kwa milango tofauti. Lazima pawe na mahali pa kukutania. Umeme unapomchoma nzi, seli maalumu za neva humwaga katika baadhi ya vyumba vile kemikali iitwayo dopamini, ambayo hata katika bongo zetu hutumika kutangaza kwamba jambo la maana limetokea. Dopamini hufika kwenye maungano yote ya chumba, lakini hufanya kazi palipo na seli za Kenyon zilizoamshwa na harufu dakika ile ile. Kimeng'enya cha rutabaga hutambua kwamba mambo mawili yamekutana, hutengeneza cAMP kwa wingi, na maungano hayo yakadhoofika. Msomaji asistaajabu kusikia kudhoofika mahali alipotazamia kuimarika. Seli za kutolea amri katika chumba hicho ndizo zilizokuwa zikimwambia nzi aisogelee harufu. Zikidhoofika hizo, mizani huegemea upande wa kukimbia.

Mwaka 2009, katika maabara ya Gero Miesenböck huko Oxford, ilionyeshwa kwamba mtu aweza hata kumwandikia nzi adhabu ambayo hakuipata. Seli chache za dopamini zilifanywa ziamke kwa mwanga; harufu ikapulizwa pamoja na mwanga, bila umeme wowote; na nzi hao baadaye wakaikwepa harufu kana kwamba iliwachoma. Kwangu hii ndiyo ithibati yenye nguvu kupita zote kwamba kumbukumbu ni kitu cha mwili, chenye mahali na sababu.

Kwa ufupi, hadi hapa tumeona haya:

- Harufu huamsha kundi dogo la seli za Kenyon.
- Adhabu au thawabu huleta dopamini katika vyumba vyake.
- Vikikutana kwa wakati mmoja, maungano hubadilika nguvu.
- Mwenendo wa nzi hubadilika kwa kufuata mizani mpya ya maungano hayo.

Kwa nini somo moja hupotea na jingine hudumu

Tumefika kwenye kiini cha sura. Ukimfundisha nzi mara moja kisha ukampoza kwa baridi kali muda mfupi baadaye, hata akazimia, somo lote hupotea atakapozinduka; lakini ukingoja saa kadhaa ndipo umpoze, sehemu yake husalia. Maana yake ni kwamba kumbukumbu changa huwa bado ni shughuli inayoendelea, na taratibu sehemu yake huganda ikawa umbo.

Mwaka 1994 Tully na wenzake, waliokuwa Cold Spring Harbor, jimbo la New York, waliwafundisha nzi masomo 10. Kundi moja waliyapata mfululizo, moja baada ya jingine. Kundi la pili waliyapata yale yale kumi, kwa harufu zile zile na umeme ule ule, ila baina ya somo na somo walipumzishwa dakika 15. Kundi la kwanza lilikuwa limesahau baada ya siku nne hivi. Kundi la pili, siku ya saba, bado lilikuwa na kumbukumbu iliyo thabiti, na hiyo kwa kiumbe ambaye umri wake wote ni miezi miwili au zaidi kidogo si muda mchache. Tena, waliolishwa dawa inayozuia seli kutengeneza protini mpya walipata kumbukumbu ya muda mfupi bila shida, lakini ile ya wiki haikujengeka. Mwaka huo huo Jerry Yin, akiwa pamoja na Tully, akaonyesha kwamba ukizuia kazi ya protini moja iitwayo CREB, ambayo huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni, kumbukumbu ndefu hukatika ilhali ile fupi husalia salama.

Yaani kumbukumbu fupi ni kurekebisha vilivyopo. Kumbukumbu ndefu ni ujenzi mpya, wenye vifaa vipya, na ujenzi huo hauanzi mpaka somo limerudi mara kadhaa kwa vipindi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanya mwenyewe kuwa kitu cha kuchunguzwa, alikwisha kuandika mwaka 1885 kwamba binadamu hushika zaidi akigawa marudio yake kwa siku mbalimbali kuliko akiyalundika siku moja. Mwanafunzi wa Malemba-Nkulu anayejiandaa kwa Mtihani wa Serikali, akikesha usiku mmoja na daftari la mwaka mzima, kwa hakika hujaza kitu kichwani, na asubuhi huenda akakitumia. Lakini baada ya wiki mbili atatafuta asikione, naye atajilaumu kwamba hana akili, kumbe alichokosa ni mapumziko katikati.

Gharama yake

Kwa nini basi mwili usihifadhi kila kitu tangu somo la kwanza? Kwa sababu ujenzi una gharama. Mwaka 2005 Frederic Mery na Tadeusz Kawecki, wakifanya kazi Fribourg, Uswisi, walilinganisha nzi waliojenga kumbukumbu ndefu na nzi waliopata masomo sawasawa bila kuijenga, kisha wakawanyima wote chakula na maji. Waliojenga kumbukumbu ndefu walikufa mapema zaidi. Na mwaka 2013 Pierre-Yves Plaçais na Thomas Preat wa Paris wakaonyesha kwamba nzi anapopatwa na njaa kali, ubongo wake wenyewe huuzima ujenzi wa kumbukumbu ndefu ya adhabu, ili akiba ya mwili itumike kumhifadhi hai. Na watafiti walipoulazimisha ubongo uendelee kuijenga wakati wa njaa, nzi hao waliwahi kufa.

Liko jambo moja linalotofautiana na hayo, nalo lina hekima yake. Nzi mwenye njaa akipewa harufu pamoja na sukari, somo moja tu la dakika chache humtosha kukumbuka hata kesho yake. Mwili ulioishiwa hubana matumizi kila mahali, isipokuwa katika kukumbuka chakula kilipo.

Usingizi nao umo katika gharama hizo. Tangu mwaka 2000 imejulikana kwamba nzi hulala usingizi wa kweli, wenye kutulia kwa muda mrefu na kulipa deni akikoseshwa. Na nzi aliyenyimwa usingizi baada ya kufundishwa huipoteza kumbukumbu ndefu ambayo wenzake waliolala wanayo. Sithubutu kuchukua tajriba ya nzi nikaibandika moja kwa moja juu ya mtoto wa shule. Walakini mtoto anayeingia darasani bila kula, aliyekesha kwa joto na mbu, akapewa masomo ya mwezi kwa siku mbili kwa kuwa mwalimu alichelewa kuja, amenyimwa kwa wakati mmoja vitu vitatu ambavyo hata nzi, kwa kawaida, hawezi kujenga kumbukumbu ya kudumu bila hivyo, na si haki kumwita mzito.

Kusahau nako ni kazi

Watu wengi huchukulia kwamba kusahau ni kuchakaa tu. Katika nzi imedhihirika vinginevyo. Mwaka 2010 kundi la Yi Zhong, wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, lilieleza habari za protini iitwayo Rac, ambayo ikizuiwa kufanya kazi, kumbukumbu iliyopasa kufifia ndani ya saa chache hudumu zaidi ya siku nzima. Na ikichochewa, kusahau huharakishwa. Mwaka 2012 maabara ya Ronald Davis huko Florida ikaongeza kwamba seli za dopamini, zile zile zinazosaidia kuandika somo, huendelea baadaye kumwaga dopamini kidogo kidogo na kulifuta. Mwili, kwa hiyo, una vyombo vya kuhifadhi na vyombo vya kufuta, na vyote huvigharimia. Nzi anayeishi juu ya matunda yaozayo, ambayo juzi yalikuwa karamu na leo ni maji machungu, angefaidika nini na kumbukumbu isiyofutika?

Maabara iliyo karibu nawe

Karibu tajriba zote nilizozieleza zilifanyika mbali na misitu alimozaliwa mdudu huyu. Hali imeanza kubadilika. Mwaka 2011, katika tawi la Ishaka la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, magharibi mwa Uganda, shirika la TReND in Africa lilifungua shule yake fupi ya kwanza ya sayansi ya ubongo kwa watafiti wa Kiafrika, na mnyama waliyefundishiwa alikuwa nzi wa matunda, kwa sababu panya wa maabara ni ghali ilhali nzi hulishwa kwa unga, sukari na hamira. Vyuo kadhaa vya Afrika vimefuata njia hiyo.

Kwa walimu wa biolojia wa Malemba-Nkulu na Kamina nina ombi moja. Mwaka wa masomo utakapofunguliwa, chukueni chupa safi ya kioo, tieni kipande cha ndizi kilichochacha, acheni mdomo wazi hadi nzi waingie, kisha ufunikeni kwa kitambaa chepesi. Baada ya siku chache wanafunzi wataona mayai na funza, na kabla ya wiki mbili kwisha wataona nzi wapya wakitoka. Waandike kila siku wanachokiona, kwa tarehe. Na swali la sura hii waulizeni wao, kabla hamjawapa jibu.